Kima cha chini kimepanda: piga hesabu ya saa kabla hujasaini

Oktoba 2025, Ridhiwani Kikwete, wakati huo waziri anayehusika na kazi, alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara sekta binafsi Tanzania kinapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, yaani takriban asilimia 30, simu yangu haikupumzika. Vijana niliolinda nao zamani walikuwa na swali moja: "Kaka, kwa hiyo na sisi Januari tunapokea laki tatu na nusu?" Niliwajibu hapana, na iliniuma kuwajibu hivyo.

Ile ni takwimu ya jumla. Amri yenyewe ya kima cha chini cha mshahara ina jedwali, kila sekta na mstari wake, na mistari hiyo imepishana mno. Chukua Amri ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023. Kampuni ya kimataifa ya nishati iliwekewa 592,000, kampuni ndogo ya ulinzi 148,000, na dada wa kazi anayelala kwa mwajiri wake 60,000. Kwa hiyo ukisikia asilimia redioni, usianze kupanga matumizi. Itafute Amri mpya, iliyoanza 1 Januari 2026, utafute mstari wako na uuandike mahali. Ukishindwa kuipata, nenda ofisi ya afisa kazi mkoani kwako, uulize sekta yako kwa jina.

Sasa nieleze yaliyonikuta, maana ndiyo yanayonisukuma kuandika.

Januari 2023 nilikuwa mlinzi Dar es Salaam. Niliingia lindoni saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Mshahara ulikuwa 110,000, na juu yake nilipewa 40,000 ya nauli na chakula. Usiku mmoja supavaiza akaja na pikipiki, ana bahasha ya mikataba. "Serikali imepandisha mshahara, saini hapa." Nilisaini juu ya kiti cha pikipiki, yeye akinimulikia tochi. Nilifurahi, nikampigia mke wangu usiku uleule.

Mwisho wa mwezi nikapokea pungufu ya nilichokuwa nikipokea Desemba. Mkataba mpya ulisema mshahara 150,000, juu kidogo ya kima kipya, lakini mstari wa nauli na chakula haukuwepo tena. Waliichukua posho yangu wakaiita mshahara. Na kwa kuwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, upande wangu ni asilimia 10 ya mshahara, makato yakatoka 11,000 hadi 15,000. Sina ugomvi na NSSF, ile ni akiba yangu. Ila mkononi nilibaki na 135,000 badala ya 139,000, mwezi ambao nchi nzima ilikuwa inasema wafanyakazi wameongezwa.

Sikujua wakati ule kwamba kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadilisha masharti ya kazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo, mwenzangu, ukiletewa karatasi lindoni, jikoni au kaunta, sema kwa adabu kabisa: "Bosi, naomba nakala nikaisome nyumbani, kesho nakuletea." Ukifika nyumbani, weka mkataba wa zamani na mpya pamoja. Kila posho iliyokuwepo itafute kwenye mpya, moja baada ya nyingine.

Halafu piga hesabu ya saa. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua. Kima cha mwezi kinahesabiwa kwa wiki ya saa 45, takriban saa 195 kwa mwezi. Ile 148,000 ilikuwa sawa na shilingi 759 kwa saa. Mimi nilikuwa nafanya saa 72 kwa wiki. Siku 26 mara saa 12 ni saa 312, na 150,000 ukiigawa hapo unapata shilingi 481. Mwezi mzima ulionekana halali, lakini kila saa moja ilikuwa chini ya sheria. Na saa za ziada zilitakiwa kulipwa mara moja na nusu, zisizidi 50 katika wiki nne. Zangu zilikuwa 108. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi nayo ina nyongeza yake ya asilimia 5, ambayo sikuwahi kuiona.

Nunua daftari dogo. Andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, kila siku, na uhifadhi slipu ya mshahara ya kila mwezi. Usipopewa, iombe, ni haki yako.

Mimi nilikaa miezi saba nikiogopa kufukuzwa. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nikaambiwa mgogoro wa aina yangu unapelekwa ndani ya siku 60, na wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Ningeweza kuomba kuongezewa muda nikieleza sababu ya kuchelewa. Lakini sikuwa na daftari wala slipu, na mwajiri alikuwa na mkataba wenye sahihi yangu. Niliacha.

Kama unaogopa kwenda peke yako, na woga huo naujua, zungumza kwanza na wenzako wa zamu, mwende watatu au wanne, au mpitie kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama kipo hapo kazini. Ila msichelewe mkisubiri Mei Mosi: ukihesabu siku 60 kuanzia mshahara wa 31 Januari, zinaisha 1 Aprili.