Nimeambiwa nitaanzishiwa uchungu wiki 41: nijiandae vipi?

SWALI: Mimba yangu ni ya kwanza, ina wiki 40 na siku 4. Kliniki wamesema nikifikisha wiki 41 bila uchungu nikalazwe wanianzishie. Shangazi ananiambia uchungu wa dripu ni mkali kuliko wa kawaida na mwisho wake ni kisu. Ni kweli? Huchukua saa ngapi?

JIBU: Dada, jiandae kwa siku moja hadi mbili, hasa kwa kuwa ni mtoto wa kwanza. Wengi huingia wodini wakidhani watatundikiwa dripu asubuhi na jioni wawe wamempakata mtoto. Sehemu kubwa ya muda huo ni ya kulainisha mlango wa kizazi, na uchungu wenyewe huja baadaye.

Wiki 41 hazikuchaguliwa ovyo. Kadiri mimba inavyopitiliza, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzisha uchungu kwa mama ambaye kwa uhakika ametimiza wiki hizo. Zingatia neno uhakika. Beba kadi ya kliniki na picha ya ultrasaundi ya miezi ya mwanzo kama unayo, kwa sababu ile ya mwisho wa mimba hukosea umri kwa wiki nzima na zaidi.

Kwanza mkunga atakupima njia kwa vidole: imefunguka sentimita ngapi, imekuwa fupi na laini kiasi gani, imeelekea wapi, na kichwa kimeshuka hadi wapi. Vyote hupewa alama, ziitwazo alama za Bishop. Zikiwa 6 au chini, mlango bado mgumu, na dripu peke yake itakuchosha bure. Uliza umepata ngapi. Jibu hilo litakueleza urefu wa safari kuliko kitu kingine chochote.

Mlango mgumu hulainishwa kwa dawa iitwayo misoprostoli au kwa mpira wenye puto. Misoprostoli ya kunywa ni mikrogramu 25 kila baada ya saa 2. Tatizo ni kwamba kidonge kinachopatikana sana kina mikrogramu 200, yaani dozi nane, na kukikata kwa wembe hakutoi vipande sawa. Njia salama ni kukiyeyusha katika mililita 200 za maji na kukupa mililita 25 kila mara. Kidonge kizima kwa mpigo kinaweza kuchana kizazi, kwa hiyo usikubali kumezeshwa na mtu yeyote nje ya hospitali. Mpira, ule ule wa mkojo, hupitishwa kwenye mlango, puto lake likajazwa mililita 30 hadi 60 za maji na kuachwa hadi udondoke au zipite kama saa 12. Ukidondoka, njia huwa imefika kama sentimita 3. Usishangae ikiwa uchungu wa kweli bado.

Hapo ndipo hupasuliwa chupa, yaani mfuko wa maji ya mtoto, na kutundikiwa dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta uchungu. Haifuati papo hapo baada ya misoprostoli, lazima saa kadhaa zipite. Matone huongezwa kidogo kidogo, kwa kawaida kila dakika 30, hadi upate uchungu mara 3 hivi ndani ya dakika 10, kila mmoja ukizidi sekunde 40.

Shangazi ana ukweli nusu. Uchungu wa dripu hupanda haraka, mwili haupati muda wa kuuzoea, basi omba dawa ya maumivu mapema. Kuhusu kisu, tafiti zimeonyesha kuanzishiwa wiki 41 hakuongezi upasuaji ukilinganisha na kuendelea kusubiri. Njia ikichelewa, na chupa haijapasuka, mama na mtoto wakiwa wazima, inawezekana kupumzika na kujaribu njia nyingine.

Mwite mkunga mara moja uchungu ukizidi mara 5 katika dakika 10, ukikaa zaidi ya dakika 2 bila kuachia, damu ikitoka kama ya hedhi, au maji yakiwa ya kijani. Atazima dripu, atakulaza ubavu wa kushoto na kusikiliza mapigo ya mtoto, ambayo yanatakiwa kuwa 110 hadi 160 kwa dakika.

Mambo mawili yaseme hata usipoulizwa. Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa kizazi, ikiwemo kutolewa uvimbe, misoprostoli si yako. Na kama umekunywa dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu, taja bila aibu. Nguvu yake hujumlishwa na ya hospitali, na hakuna anayejua kipimo chake.

Siku hizi 3 zilizobaki, fuatilia mtoto anavyocheza. Akipunguza, nenda siku hiyo hiyo, hata iwe usiku, usingoje wiki 41 zitimie.