Magoti ndiyo yanauma, picha ya kifua ya nini?

SWALI: Shikamoo, dokta. Baba ana miaka 64, hajawahi kulalamikia viungo. Miezi miwili iliyopita aliamka vifundo vya miguu vimevimba, kisha goti la kulia. Sasa ana madoa ya zambarau miguuni na suruali zote zinampwaya. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ilimpa nafuu ya siku tatu tu. Juzi daktari kaagiza vipimo vya damu na picha ya kifua, eti anaangalia kama kuna saratani. Sisi tulipeleka magoti! Tumhame?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimhame, huyo anasikiliza. Wengi wanaovimba viungo hawana saratani, na huenda baba naye hana. Lakini baridi yabisi kwa kawaida huja polepole, tena hupenda vidole vya mikono, kulia na kushoto. Ya baba imekuja ghafla ukubwani, imetua miguuni, imemkondesha, na dawa haishiki. Hapo hata mimi ningeagiza picha.

Saratani iliyojificha inaweza kuichokoza kinga ya mwili hadi ikashambulia viungo na kuta za mishipa midogo ya damu. Mshipa ukivuja, damu hukaa chini ya ngozi. Bonyeza doa kwa ubavu wa glasi: lisipofifia, ni damu iliyovuja. Dawa na maambukizi pia huleta madoa hayo, kwa hiyo mtajieni daktari kila anachomeza, hata mitishamba mnayoionea haya. Saratani ikihusika na mishipa, mara nyingi ni ya damu. Ndiyo maana ya vipimo vile.

Na kifua? Saratani ya mapafu inaweza kuvimbisha vifundo na kuziviringisha kucha. Mwambie baba akutanishe kucha za vidole viwili vinavyofanana, mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida hubaki kidirisha chembamba katikati. Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, alikiona kikipotea kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua, akaandika habari hiyo mwaka 1976. Yeye alikuwa na ugonjwa wa moyo, si saratani, basi msikeshe mkilia kwa sababu ya kucha.

Prednisoloni asiikatishe ghafla. Likitokea doa jipya, mwonyesheni daktari mapema, huenda akataka kukata kinyama kidogo akipime. Akikojoa damu au mguu ukifa ganzi, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na saratani ikipatikana ikatibiwa, mara nyingi viungo navyo hutulia.