SSD Ikikata Kauli: Kwa Wanaoanza Ufundi wa Laptopu Kigoma

Diski za zamani, zile za kuzunguka, zilikuwa na adabu ya kuaga. Zinaanza kugonga, mashine inakuwa nzito, faili moja linagoma kufunguka, na mwenye akili anahamisha vitu vyake mapema. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, haina hilo. Jana mteja kaandika barua yake vizuri, kafunga laptopu, kalala. Leo anawasha, anakutana na kioo cheusi chenye maandishi meupe kwamba hakuna diski ya kuanzia. Ninyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa mtaziona nyingi kuliko sisi, maana laptopu za mtumba zinazouzwa Mwanga na Ujiji siku hizi nyingi zina SSD, na baadhi zimeshatumika ofisini kwa watu miaka kadhaa kabla ya kufika huku mwisho wa reli.

Kwa hiyo kabla ya yote: usipige Windows. Najua mkono unawasha. Fundi mgeni akiona mashine haiwaki, anakimbilia fleshi ya Windows, na mara nyingi mashine inapona kweli. Tatizo ni kwamba mteja hakuleta mashine tu, ameleta na vilivyomo. Kwenye diski ya kuzunguka, ukifomati harakaharaka unafuta orodha. Mafaili yenyewe yanabaki chini yake na programu ya kuokoa inaweza kuyachimbua. Kwenye SSD, Windows ikifomati inaitumia diski amri inayoitwa TRIM, yaani "sehemu hizi sina kazi nazo tena." Kuanzia hapo SSD nyingi ukiziomba zisome sehemu hizo zinakurudishia sifuri tupu, na chipu zinasafishwa kimyakimya nyuma ya pazia. Hizo programu za kuokoa mafaili zilizotuletea sifa miaka ya nyuma hapo hazina lolote. Dakika tano za kupiga Windows zinaweza kuzika kilichokuwa bado kinaokoka.

Ni vizuri ujue kinachokufa ni nini. Ndani ya SSD kuna chipu za kumbukumbu, kuna kontrola ambayo ndiyo ubongo, na kuna ramani inayosema kipande gani cha faili kimekaa wapi. Kontrola inahamahamisha data muda wote ili chipu zichakae kwa usawa, hivyo bila ramani kilichobaki ni rundo la vipande visivyo na mpangilio. Wateja wengi wanadhani SSD hufa kwa kuchakaa kwa kuandikwa sana. Hilo lipo, ila SSD iliyochakaa vizuri mara nyingi hujifunga isiandikwe tena huku ikiendelea kusomeka, na hiyo ni bahati kwako. Vifo vya ghafla mara nyingi ni vya kontrola, au vya programu yake ya ndani, au ramani imevurugika. Mwaka 2011 SSD za Intel 320 zilikuwa na kasoro ambayo umeme ukikatika vibaya diski inaamka ikijitangaza kuwa na megabaiti 8 tu. Mwaka 2019 HPE, kampuni ya seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD za seva zao zinakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Kosa lilikuwa kwenye programu ya ndani, na chipu zilikuwa nzima kabisa. Huku mezani kwetu utakutana zaidi na SSD za bei nafuu ambazo BIOS (programu ya bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows) inazisoma kwa jina la ajabu, SATAFIRM S11. Ukiona hivyo, kontrola iko hai lakini programu yake ya ndani haikupakia. Usihangaike na Windows hapo.

Sasa kuhusu huku kwetu. Laptopu nyingi zinazokuja zina betri iliyokufa, mwenyewe anaitumia kwa chaja tu kama kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika, mashine inazimika palepale katikati ya kuandika. Ukipata nafasi, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, kwenye mashine nzima ya mteja wa namna hiyo uangalie idadi ya kuzimika kusiko salama. SSD za NVMe, zile za kasi zaidi, zinaihesabu. Mimi nikikuta idadi hiyo ni kubwa, namuuzia mteja betri kabla ya kumuuzia RAM, hata kama yeye alikuja kwa ajili ya RAM.

Maswali yaje kabla ya bisibisi. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Kasulu alileta mashine yake, ameifunga kwenye mfuko wa unga kwa sababu ya vumbi la njiani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hii imegoma kabisa, na alama za watoto zote zimo humu."

"Ilikuwaje?"

"Nilikuwa najaza alama, umeme ukakata. Nilipowasha tena, ikawa hivyo."

"Betri inakaa na chaji?"

"Betri? Hiyo ilishakufa."

"Kuna aliyeigusa kabla ya kuja hapa?"

Akasita kidogo. "Kuna kijana pale shuleni alitaka kuweka Windows, ikamkatalia. Ikasema haioni diski."

Ilimkatalia, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Ilikuwa SSD ya SATA (muunganisho wa zamani kuliko NVMe) ya inchi 2.5. Tuliichomeka kwenye waya wa umeme wa kompyuta ya mezani bila waya wa data, tukaiacha karibu nusu saa, tukaikata umeme kama nusu dakika, tukarudia. SSD ikipata umeme bila kusumbuliwa na maombi ya kusoma, kontrola inaweza kujipanga na kujenga upya ramani iliyovurugwa na kukatika kwa umeme. Haifanikiwi kila mara, lakini haina gharama na haiharibu. Tulipoiunganisha waya wa data, diski ikaonekana. Hatukuiwashia Windows yake. Tulitumia fleshi ya Linux, tukachukua kwanza lile faili la alama, kisha maandalio ya somo, halafu ndiyo vingine. Anza na kile ambacho mteja hawezi kukipata kwingine. Nyimbo na filamu zikae mwisho wa foleni, maana diski iliyoamka leo inaweza isiamke tena jioni.

Kama diski inasomeka kwa kusuasua, tumia ddrescue, programu ya Linux, kunakili diski nzima kwenda diski nyingine, kisha fanya uokoaji kwenye nakala. Inaruka sehemu mbovu kwanza na kuzirudia baadaye. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski, kwenye diski inayokufa, maana kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili na haijali kama picha za harusi zinapotea njiani. Na Windows ikikuletea kile kidirisha cha kukuomba ufomati ndipo uitumie, bonyeza kughairi. Waambie na wenzako mezani, kuna watu vidole vyao vinakubali kila kitu.

Hapa kuna mtego ambao umewafanya mafundi wengi watangaze msiba pasipo maiti. Si kila mashine isiyoona diski ina SSD iliyokufa. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina mpangilio unaoitwa VMD. Ukichomeka fleshi ya Windows inakwambia hakuna diski, kumbe diski ipo, kinachokosekana ni draiva ya Intel RST. Ingia BIOS kwanza. Kama BIOS inaitaja SSD kwa jina lake na ukubwa wake sahihi, hujafika kwenye kifo bado. Kwenye mashine kongwe kidogo, ile betri ndogo ya bodi ikifa, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, diski iliyokuwa inaendeshwa kwa RAID inajikuta iko AHCI au kinyume chake (ni namna mbili za bodi kuiendesha diski), na Windows inaanguka na kioo cha bluu. Unarudisha mpangilio ulivyokuwa, mashine inawaka. Nimeona mteja akiuziwa SSD mpya kwa ugonjwa huo, na ile ya zamani ikabaki kwa fundi. Sitasema zaidi.

Kama BIOS haioni kitu, fungua. Toa SSD, safisha meno yake kwa spiriti, irudishe vizuri, ijaribu kwenye mashine nyingine au kwenye kava la USB. Kwa M.2, zile SSD nyembamba kama kijiti, tazama mapengo kwenye meno: yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe. Kava la NVMe peke yake halisomi M.2 ya SATA, kwa hiyo kabla ya kutamka kwamba diski imekufa hakikisha hujaiweka kwenye kava lisilo lake. Kuna laptopu ambazo SSD imechomelewa kwenye bodi, MacBook za karibuni zikiwemo. Hizo data haitoki bila bodi yenyewe kuwaka, mwambie mteja hivyo mapema.

Jambo la kufuli. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, ukiweka Windows upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi zinajifunga zenyewe kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kufumba data ya diski, bila mwenyewe kujua. Ukiichomoa SSD na kuichomeka kwingine utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo unakuwa kwenye akaunti iliyotumika kuanzisha mashine, na akaunti hiyo wakati mwingine ni ya muuzaji aliyeifungulia duka zima. Ndiyo maana ukiuza mashine, mtengenezee mteja akaunti yake mwenyewe na umwandikie kwenye karatasi. Inachosha, najua, hasa mteja akiwa hana barua pepe na anadai ana haraka ya kuwahi gari la Kibondo.

Diski ikigoma kabisa, sema hivyo. Wengi wetu tunaogopa neno "imekufa", tunasema "niachie, nitajitahidi", na mashine inakaa rafu ya juu hadi mteja anasahau sura yako ila si jina lako. Usijaribu kung'oa chipu ukazisome kama ya fleshi: kontrola nyingi zinaifumba data kabla ya kuiandika, ukitoa chipu bila ubongo wake unapata takataka. Kama data ina thamani kubwa, ya ofisi au ya utafiti wa mwanafunzi, mshauri aitafute maabara ya uokoaji nje ya mkoa. Hapo diski iende kama ilivyo, bila kufunguliwa. Mashine yenyewe weka SSD mpya iendelee na kazi.

Kwenye hiyo mpya, pima urefu (2280, 2242, 2230; tarakimu mbili za mwisho ni urefu kwa milimita) kabla hujaagiza Dar, kwa sababu kurudisha mzigo ni hasara juu ya hasara. Ikifika, usiamini stika. Zipo bandia zinazojitaja terabaiti 2 na ndani hazina hata robo yake. Ijaze kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, au F3 kama uko kwenye Linux, hadi mwisho, ndipo umkabidhi mtu.

Nakala za akiba nisizungumze kama mtu wa mjini. Bando ni ghali na si kila mwalimu atapandisha mafaili yake intaneti kila jioni. Faili la alama ni dogo: ajitumie mwenyewe WhatsApp au barua pepe, imetosha. Vikubwa viende kwenye diski ya nje ya kuzunguka. Ndiyo, ya kuzunguka. SSD isiyopata umeme haishiki data milele. Kipimo cha JEDEC, chombo cha viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida zilizofikia ukomo wa kuandikwa ni mwaka mmoja kwenye nyuzi 30, na joto likizidi muda unapungua. Droo iliyo chini ya bati huku Gungu mwezi wa tisa mnaijua wenyewe.

Na daftari la kupokelea: andika namba ya SSD, hali uliyoikuta, aliyeigusa kabla yako, na vitu ambavyo mteja anavitaka kuliko vingine, kisha asaini. Diski mbovu mrudishie mkononi, hata akisema itupe, maana kuna nakala ya kitambulisho chake humo na kuna siku mtu ataiamsha.