Kihisi Changu Kilinusa Mvua Badala ya Thina

Aprili iliyopita nilibeba kihisi changu, kifaa nilichojitengenezea cha kunusa mvuke wa thina, hadi karakana moja ya Grogan hapa Nairobi, kwa mafundi wa rangi za magari. Fundi akafungua debe la thina, namba kwenye mita zikapanda, nikajisifu. Debe likafungwa, na namba bado zikapanda. Nje mvua ilishaanza kupiga mabati.

"Kijana, hii mashine yako inatabiri hali ya hewa," akaniambia.

Kosa lilikuwa plastiki. Nilichanganya masizi ya kaboni, yale yanayotiwa kwenye matairi, na plastiki iitwayo polivinili alkoholi, kwa kuwa huyeyuka kwa maji na haisumbui. Sasa kitu kinachopenda maji hivyo kitayanywa hata hewani.

Chembe za kaboni ndani ya plastiki ni kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo kuzima moto. Wakikaribiana, umeme unapita. Plastiki ikinywa mvuke huvimba, watu wanaachana, ndoo zinakwama, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda. Anayenusa ni plastiki. Kaboni inapiga ripoti tu. Wengi huagiza mirija ya nano, yaani vijibomba vidogo mno vya kaboni, kwa bei ya kuumiza wakasahau hilo. Mirija ina faida yake, huweza kufungua njia ya umeme hata ikiwa chini ya asilimia 1 ya mchanganyiko, ila kuchagua harufu si kazi yake.

Thina mara nyingi huwa na kiyeyushi kiitwacho toluini, nayo toluini hupenya plastiki ya polistirini kwa pupa. Nikaiyeyusha polistirini kwa toluini yenyewe, nikatia masizi asilimia 20 kwa uzito, madirisha wazi (barakoa ya vumbi haizuii mvuke, usijidanganye), nikadondosha tone jembamba kati ya nyaya mbili. Tone nene huchelewa kuitikia, na huchelewa zaidi kusahau. Liache likauke kabisa, maana toluini iliyosalia ndani itakupotosha.

Usiandike omu (kipimo cha ukinzani) tupu. Kilo-omu 10 zikifika 11 ni ongezeko la asilimia 10. Andika hilo, pamoja na joto na unyevu wa saa ile. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi na mchana wa Februari si hewa moja.

Niliporudi, fundi akanitegea petroli. Namba zikapanda vilevile. Filamu moja, yaani tone moja lililokauka, haitenganishi thina na petroli. Mkemia Nathan Lewis na wenzake kule Caltech, chuo kikuu cha Marekani, miaka ya 1990, walipanga filamu nyingi za plastiki tofauti wakasoma majibu yake kwa pamoja. Mimi ninazo nne mezani. Ile ya polivinili alkoholi sikuitupa: ndiyo inayonipimia unyevu.