Barua kwa mwanangu: kuhusu lile kundi la wastaafu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mama yako anasema usihangaike na habari za goti lake, linaendelea vizuri na ukali wake uko palepale.

Umeniuliza kama si afadhali nijitoe kwenye lile kundi la simuni la wastaafu wa zimamoto na polisi, maana kila ukija unanikuta nimeinamia taarifa za misiba na michango, na usiku silali. Nitakujibu. Ila kwanza tuelewane: kundi lile halikuanzishwa kwa ajili ya vifo. Sisi wenyewe tumeliacha likawa hivyo. Mtu akiwa hai hakuna anayemtaja. Akifa ndipo picha yake ya sare inapotafutwa usiku usiku, na watu waliokaa kimya mwaka mzima wanaandika "alikuwa mtu wa watu". Unajua msimamo wangu: mtu aitwe jina lake angali anaweza kuitika.

Baba Mdogo Dereva, kwa mfano. Nyinyi mlimjua kwa kuwaachia mbonyeze king'ora. Mimi nilimjua kwa kiganja chake. Sisi tukiwa ndani ya moshi na mpira wa maji, yeye yuko nje kwenye pampu, mkono juu ya bomba la kutolea maji, sikio kwenye injini. Maji yakitaka kupungua alijua kabla mshale wa kipimo haujacheza. Mitungi ya hewa ilikuwa ya wanaoingia. Dereva alijifunga kitambaa kibichi puani, na upepo ukigeuka alivuta moshi uleule tuliovuta sisi. Tena kila alfajiri, kabla ya paredi, aliwasha gari mlemle bandani kukagua pampu, moshi wa dizeli ukapanda mpaka darini. Mama yako alikuwa akifua sare zangu akilalamika zinanuka gari kuliko moto.

Alipofariki, miaka mingi baada ya kustaafu, mapafu yakiwa yamekwisha kabisa, wachache wetu tulikwenda kuomba jina lake liwekwe kwenye ukuta wa kumbukumbu. Karani akafungua jalada la kanuni. Ukuta ni wa waliofia kazini, akasema, na marehemu amefia kitandani kwake. Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kwa kumbukumbu zilizopo marehemu hakuwahi kuingia ndani ya moto.

Hakuwahi kuingia! Mama yako alinibana mkono nisijibu, na sikujibu. Lakini sentensi ile bado naisikia nikiwa napiga mswaki.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa dizeli walikwisha kuuweka humo tangu 2012. Na tazama New York: Septemba 11, 2001 idara yao ya zimamoto ilipoteza watu 343 kwa siku moja, na waliofariki baadaye kwa maradhi ya vumbi na moshi wa pale wameshaipita idadi hiyo. Makao yao makuu yana ukuta wa hao waliokufa baadaye, na majina bado yanaongezwa. Kumbe inawezekana.

Ingawa, nikikaa kwenye kiti cha karani, namwelewa. Ukuta ukimpokea kila mstaafu, mjane wa yule kijana wetu aliyeangukiwa na paa atasoma nini pale? Kuna tofauti. Lakini nani anaipima? Paa huua kwa dakika moja, moshi huchukua miaka ishirini, na mjane ni mjane. Kusema karani alikosea... niko karibu kusema. Basi, alikuwa anasoma kilichoandikwa. Aliyeandika ndiye ningependa kumwona.

Na hata hivyo ukuta haukuniuma kama mazishi. Habari za kifo chake zilitufikia yeye ameshazikwa. Wanawe hawakujua wampigie nani, na namba iliyokuwa kwenye orodha ya ofisi ni ya nyumba aliyohama zamani. Mtu aliyesaidia kuwatoa watu wakiwa hai kwenye moto kwa miaka yote ile akazikwa bila hata mmoja wetu kushika jeneza.

Mama yako hapo ndipo hunipiga bao. Polisi, anasema, wana chama chao cha kimataifa tangu Januari 1, 1950, kinachopokea walio kazini na waliostaafu bila kuangalia cheo, na kilianzishwa na sajini mmoja tu Mwingereza, Arthur Troop. "Sajini mmoja," huniambia. "Nyinyi wa zimamoto mlikuwa na makamanda wangapi?"

Ndiyo maana siku hizi kila Jumatatu asubuhi tunaita majina kundini, kama paredi. Anayeitwa anajibu "Nipo!" Asiyejibu hadi jioni anapigiwa, si kuandikiwa, kwa sababu mzee mgonjwa ataandika "salama" hata akiwa sakafuni. Juzi mmoja alijibu, "Nipo, afande, ila naomba ruhusa ya kuendelea kulala." Nilicheka peke yangu mpaka mama yako akaja kuangalia. Mwingine alipigiwa ikabainika pensheni yake imesimama kwa kuwa hakwenda kuhakikiwa, na amekuwa akiona aibu kusema. Hiyo ilimalizwa ndani ya wiki. Mtu aitwe angali anaitika, sitachoka kulisema.

Sasa la kujitoa. Jibu ninalo, liko mdomoni, lakini nikilisema utasema baba ameshaamua kabla ya kusikiliza. Basi silisemi. Kaa nami Jumatatu moja, simu uishike wewe, kisha utoe hukumu yako.

Ukija unisaidie kuhamishia namba zote kwenye daftari, pamoja na namba za watoto wao. Mama yako anataka polisi wawe na kurasa zao, mbele. Mimi nimesema tufuate alfabeti. Hatujaelewana, na usimuunge mkono kabla hujafika.

Baba yako