Rangi inayobambuka kwenye mbao za nje, Mikindani

Ndugu yangu, umeeleza kwamba rangi ya mbao za nje za nyumba yenu ya Mikindani hubambuka kila mwaka ingawa hupakwa upya, na kwamba safari hii ungependa kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Kwa maelezo hayo, sidhani kama tatizo ni ubora wa rangi. Inaelekea imekuwa ikipakwa juu ya chumvi ya bahari na rangi iliyokwisha kuachia.

Zioshe mbao kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni kidogo, kisha uziache zikauke kwa siku kadhaa; kwa hiyo subiri kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Kwangua ukifuata nyuzi za mbao, na kingo za rangi iliyoshika uzisugue kwa msasa namba 80, halafu 120, mpaka ukipitisha kidole usihisi ukingo kati ya rangi na mbao. Rangi ya zamani sana huenda ina madini ya risasi: ilowanishe kabla ya kuisugua, vaa barakoa inayobana vizuri, na watoto wakae mbali.

Mbao iliyobaki wazi ipake praima (rangi ya msingi inayotangulia) mapema, hasa ncha zilizokatwa kwa msumeno, ambazo hunyonya maji kuliko sehemu nyingine na ambazo mafundi wengi huziruka. Matundu ya misumari yajaze puti (lahamu ya kuzibia) baada ya praima, kisha upake rangi ya nje mara mbili, tabaka juu ya tabaka, ukifuata upande ulio kivulini. Ubao unaobonyea ukiuchoma kwa bisibisi ung'oe, kwani umeoza.