Hela isiyo na jina haikai

Kwa miaka mingi niliamini sina akiba kwa sababu mshahara ni mdogo. Mshahara ukapanda, akiba haikuonekana. Ada ya mtoto muhula ule ililipwa na mke wangu, muuza vitenge, ambaye mwezi huu anapata na ujao anakosa.

Nikajichunguza. Si mtu wa starehe mimi. Ugonjwa wangu ni kushindwa kukataa. Ndugu akipiga simu ana shida, na mimi najua kwenye simu kuna laki na nusu, ulimi unakataa kusema "sina", maana nitakuwa nadanganya. Natuma. Kesho anapiga mwingine.

Mke wangu ana bahasha tatu kabatini: ada, kodi, mtaji. Ukimwomba anajibu akikutazama usoni, "Hiyo si yangu, ni ya shule." Na hajadanganya.

Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa 2013 na Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliofanyika magharibi mwa Kenya miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wake, waweke hela ya afya. Ufunguo wanao, wanaweza kufungua hata usiku. Hata hivyo matumizi yao kwenye vitu vya kujikinga na maradhi yaliongezeka kwa takriban theluthi mbili. Sanduku ambalo ufunguo alikaa nao mtu mwingine halikuwasaidia hivyo kwenye kinga. Kufungiwa kabisa kuna gharama yake. Dharura ikija, hela yako huigusi.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujaiga mbinu ya jirani, jijue kwanza. Kama mkono wako ni mwepesi kwa vitu vya dukani, hela ikatwe siku ileile ya mshahara, kabla hujaizoea. Kama unaogopa aibu kuliko njaa, ingia mchezo wa kupokezana hela au VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa: huko VICOBA sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na siku ya kikao jina lako linaitwa mbele ya wenzako. Wengi wetu aibu hutusukuma kuliko mipango.

Kama unafanana na mimi, ipe hela jina. Nilienda kwa seremala akanichongea kibubu cha mbao, nikaandika juu yake kwa kalamu nene: BATI. Kila Ijumaa jioni elfu kumi inaingia, mwanangu ndiye anayeitumbukiza. Ikikaribia laki naipeleka benki, maana nyumbani kuna wezi na kuna moto.

Mwezi uliopita binamu alipiga. Nikamwambia ukweli: "Nina elfu themanini, ila ni ya bati."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani nyumba imefikia wapi?"